Faili Lililobaki Mashine Namba Mbili

Jumatatu, 2 Juni
Baridi ya kukata masikio. Nimefungua duka saa mbili. Wateja wa kawaida: vyeti vya kutoa kopi, maombi ya kazi, picha za pasipoti.

Saa nne akaja Mwalimu Leokadia. Tunaimba naye kwaya ya parokia. Kibali chake cha uhamisho kimetoka, kimeletwa kwa baruapepe. Anahamia Wampembe, kule ziwani. Mumewe, Onesmo, hajui, wala hatakiwi kujua mpaka awe ameshaondoka. Anampiga. Kwaya nzima tunajua. Tunaimba tu.

Onesmo huipekua simu ya mkewe kila jioni, ndiyo maana anatumia kompyuta zangu. Nilimkalisha namba mbili, nikamfungulia kivinjari kwenye dirisha la siri.
"Fides, hakibaki kitu humu?"
"Ukifunga tu, kila kitu kinafutika."
Akaisoma barua ya kibali mara mbili. Hakuichapa. Nyumbani hana pa kuificha.

Alhamisi, 5 Juni
Umeme haukuwepo mchana kutwa. Leokadia alipita. Anaondoka Jumatano ijayo. Amemwambia mtu mmoja tu zaidi yangu: Tekla, mdogo wake anayekaa nao. Leokadia kanenepa kidogo usoni, au ni furaha. Sijui.

Ijumaa, 6 Juni
Foleni. Onesmo alikuja. Kuna fomu ya ushirika wa mahindi katumiwa kwa baruapepe, anataka kuichapa. Nilimwambia karibu shemeji, nikampa namba mbili kwa sababu ndiyo iliyokuwa wazi.  Nikajiambia hana analojua.

Alichapa mwenyewe. Karatasi nne zilitoka kwenye printa. Nilizibana pini bila kusoma, nikampa. Akasema asante.

Jumamosi, 7 Juni
Leokadia yuko hospitali. Mkono wa kushoto umevunjika, na mbavu mbili. Majirani ndio waliomtoa. Onesmo kakimbia.

Jumapili, 8 Juni
Sikwenda misani. Nilikwenda dukani, nikajifungia, nikawasha namba mbili.

Kivinjari kinashusha kila faili kwenye folda moja, hakiulizi. Dirisha la siri linafuta kurasa ulizotembelea. Faili ulilopakua halilifuti. Folda imejaa mambo ya watu: vyeti vya ndoa, majibu ya maabara, barua za kuachishwa kazi. Barua ya Leokadia iko pale, ina jina lake lote. Juu yake iko fomu ya ushirika ya Onesmo; alipoitafuta hiyo, aliliona na jina la mkewe.

Fomu ina kurasa mbili. Barua ina kurasa mbili. Nne.

Mimi ndiye niliyezibana pini.

Jumatatu, 9 Juni
Hospitali. Tekla alikuwa nje ya wodi, kakaa chini, macho yamevimba. Leokadia kamkataza kuingia. Anaamini yeye ndiye aliyemwambia Onesmo, maana hakuna mwingine aliyejua ila mimi.
"Dada Fides, naapa sijamwambia mtu."
Nikasema, "Nakuamini, mdogo wangu." Basi. Hayo tu.

Nikaingia. Nikamenya chungwa, nikamlisha Leokadia vipande. Akamlaani Tekla kwa Kifipa, taratibu, kwa sababu ya mbavu. Nilisikia yote. Nikampa kipande kingine.
Mimi ni mwoga. Naiandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunitazama.

Jumanne, 10 Juni
Nimefuta folda zote, mashine zote tatu. Nimebadilisha mipangilio. Sasa kivinjari kinauliza kwanza kila faili liwekwe wapi. Barua zinafunguka ndani ya kivinjari, hazishuki zenyewe. Kila mteja akinyanyuka, naikagua folda kabla mwingine hajakaa.
Dakika ishirini. Kazi yote imechukua dakika ishirini. Duka lina miaka minne.

Alhamisi, 12 Juni
Nimemwambia.
Nilisimama miguuni pa kitanda, nikasema yote, mashine, folda, pini. Leokadia aliongea akitazama dari.
"Jumatatu ulikuwa hapa."
"Nilikuwa hapa."
"Ukanimenyea chungwa."
"Ndiyo."
"Tekla kaondoka jana. Kaenda Kirando kwa shangazi. Nilimwambia hata nikifa asije kunizika."
 Akanyoosha mkono mzima, akaomba simu yangu, yake ilikuwa imeisha chaji. Akampigia Tekla. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Nilitoka, nikamwachia simu, nikakaa pale chini Tekla alipokuwa amekaa. Niliporudi alikuwa bado anapiga. Hakunitazama.

Jumanne, 17 Juni
Onesmo kakamatwa Mtowisa, alikojificha kwa ndugu zake. Habari imenifikia sokoni. Nilitegemea nitafurahi.
Leokadia hapokei simu zangu.

Jumapili, 22 Juni
Upepo mtupu leo. Nimefua, nimeanika, nimekaa ndani.
Leokadia aliondoka jana kwenda Wampembe, mkono ukiwa kwenye plasta. Hakupita kuaga. Jirani yake aliyewasindikiza stendi ndiye aliyenieleza. Tekla alikuja kutoka Kirando kumchukua. Jirani anasema walikaa kiti kimoja na hawakuzungumza, hata gari lilipoanza kutembea. Ila Tekla alikuwa amempakata dada yake ule mkono wa plasta, usigongwe na dirisha.