Jinsi Orodha ya Mama Saa Ilivyopimwa

Chumba cha Takwimu,
Ghorofa ya Pili, Hospitalini.
Jumamosi, 14 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa vizuri, goti limetulia na kile kikohozi kimehama nyumba. Mzee wako bado anabishana na redio? Sisi huku wazima kabisa. Kaka yako, yaani baba, amenenepa, ila ukimwambia anasema ni shati limesinyaa.

Nimesikia unawaambia majirani kwamba mimi ni daktari. Shangazi, unaniponza! Mimi ni mtakwimu: wenzangu wanatibu, mimi nahesabu nani amepona. Lakini hesabu ya safari hii imenitoa machozi ya furaha, nami siwezi kukaa nayo peke yangu.

Kwenye wadi ya wazazi yuko mkunga mkuu tunayemwita Mama Saa, maana hafanyi lolote bila kutazama saa yake ya kifuani. Kwa miaka kumi na mmoja amekuwa akiandika kwenye daftari ni akina mama wa namna gani hutokwa na damu nyingi wakishajifungua. Mwisho akatunga orodha ya maswali matano. Mama akijibu ndiyo kwa mawili, anawekewa alama, dripu inaandaliwa na damu inatafutwa mapema. Hospitali ilikuwa na orodha yake ya zamani, na daktari mkuu, mtu asiyependa kukurupuka, akasema haiondoki mpaka takwimu ziseme. Kazi ikaniangukia mimi.

Tuliwafuatilia akina mama mia nne na kumi na wawili, kila mmoja akipimwa kwa orodha zote mbili. Kabla sijafungua hata karatasi moja ya matokeo, niliandika nitatumia jaribio gani la takwimu na kwa nini. Nikatia tarehe, daktari mkuu akatia saini. Anayechagua mizani akishauona mzigo, hata mwenyewe hawezi kujiamini.

Siku ya kikao, daktari mmoja wa wadi akanitangulia na hesabu zake. Akasema orodha zote mbili zinapatia karibu sawa, tubadilishe ya nini? Nikamjibu kwamba kupatia tu hakutoshi. Waliotokwa na damu nyingi walikuwa thelathini na wanane. Mimi nikikaa hapa nikasema hakuna mama atakayetokwa na damu, nitapatia mara tisini kwa mia, na hao thelathini na wanane nitakuwa nimewaacha wote. Wakacheka, nami nikapata pumzi.

Daktari yule hakukata tamaa. Akaonyesha kwamba orodha mpya iliwatambua thelathini na mmoja kati ya hao, ya zamani ishirini na wanne. Akazilinganisha kana kwamba zilipimwa kwa makundi mawili ya watu tofauti, akahitimisha kuwa tofauti hiyo huenda ni bahati tu. Nilimwona Mama Saa akifunga daftari lake taratibu, kama mtu anayefunika chungu kisichoiva. Roho iliniuma.

Nikasimama. Nikaeleza kwamba ukitaka kujua jembe lipi ni kali kati ya mawili, unalima nayo shamba moja. Na sisi tulilima shamba moja, maana mama ni yuleyule. Waliotambuliwa na orodha zote, au kukoswa na zote, hawatuambii ipi bora. Tutazame pale zilipotofautiana. Kati ya wale thelathini na wanane, walikuwa akina mama tisa: wanane walionwa na orodha mpya peke yake, mmoja na ya zamani peke yake. Kama orodha zingekuwa sawa, ingekuwa kama kurusha sarafu mara tisa, na matokeo ya upande mmoja kiasi hicho huja kwa bahati mara nne tu katika mia. Waliotiwa hofu bure, yaani waliowekewa alama kisha wasitokwe na damu nyingi, nao idadi yao ilikaribiana kwa orodha zote mbili.

Yule daktari akasema nimechagua jaribio linalonipendeza. Hapo daktari mkuu akatoa kwenye jalada ile karatasi yenye saini yake, akamsogezea aisome tarehe. Kisha akasema, “Orodha mpya inaanza Jumatatu. Na tuendelee kuhesabu mwaka mzima, maana thelathini na wanane bado ni wachache.”

Nilikubali kwa moyo wote. Mama Saa alinishika mkono mpaka vidole vikaniuma.

Sasa sikia. Alhamisi hii alikuja mama mmoja ambaye orodha ya zamani ingempita kimya. Ile mpya ikamwekea alama. Akajifungua, damu ikafunguka kama bomba, na kila kitu kilikuwa tayari kando ya kitanda. Mama Saa akatuma nishuke wadini, mahali ambapo sisi wa makaratasi hatufiki. Nikamkuta yule mama amekaa, anakunywa chai. Akanipa binti yake nimshike. Nikamhesabu vidole vya mikono, vyote kumi, kisha nikarudia tena kwa raha tu.

Nisalimie mzee wako, binamu yangu fundi cherehani, na Bibi Kicheko wa nyumba ya pili. Mungu awafunike kwa afya, na mlango wenu ubishwe na wenye habari njema tu.

Ni mimi nikupendaye bila kukadiria,
Kimbelembele wako