Chupa Iliyofunguliwa Jikoni

Yoba, Gitega,
18 Agosti 2024.

Mpendwa dada Ursula,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu huku Yoba. U hali gani? Goti lako je, bado linakusumbua unapopanda kutoka kisimani? Shemeji Nikodemu anaendeleaje, na watoto, na yule mbuzi wako mkorofi aliyekula kitambaa cha altare? Sisi tunasogea. Mume wangu Bonifasi amepona malaria, ingawa bado analala kitandani akiugua kwa sauti mpaka anaposikia sahani.

Ningekupigia simu, lakini najijua. Ningelia, na vocha ingekwisha kabla sijasema kitu. Barua hii ataileta mama mmoja wa parokia yetu anayekuja huko Kasulu kumsaidia binti yake aliyejifungua. Isome polepole, na usimsomee mtu kabla hujaimaliza.

Mwaka juzi uliniuliza kabare ya mdogo wetu Nazario ikoje, nikakujibu ni nzuri, basi. Leo nataka nikueleze vizuri, kwa sababu haipo tena.

Kabare ndiyo baa ya mtaani, kama unavyojua. Ya Nazario ilikuwa chumba kimoja na ua mdogo, kuta za bluu alizozipaka mwenyewe, vibaya, mpaka vioo vya dirisha navyo vikapata rangi. Mabenchi sita, meza nne, moja yenye mguu mfupi uliowekewa kipande cha tofali. Redio aliiweka chini. Alisema mtu akitaka kelele ana nyumba yake. Nyama ya mbuzi aliilaza kwenye kitunguu na ndimu tangu asubuhi, na ndizi alizichoma hapohapo pembeni ya mishikaki, ambayo huku huitwa brosheti, juu ya makaa yaleyale, ili zinywe mafuta ya nyama. Pilipili alisaga mkewe Lucia. Hiyo pilipili, dada, imewaliza watu wazima, na kesho yake walirudi.

Mbuzi wake walichinjwa na Mwislamu, ili majirani wote waweze kula. Ndiyo maana Husni, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, alikuwa mteja wake mkubwa ingawa hajawahi kuonja pombe. Nilimwuliza siku moja anafuata nini kabare. Akaniambia, "Mi pombe sikunywaka, Imelda. Lakini brosheti ya Nazario, mi naacha mashine na nguo ya mtu iko ndani. Inaivaka muzuri, haiko kavu. Na hapa mtu anaongea, wanamusikia."

Mteja mwingine alikuwa mzee Venansi, dereva mstaafu wa malori. Yeye alikaa karibu na mlango kila siku na kulalamika kwamba bia si baridi, benchi ni gumu, chumvi imezidi. Ukimwuliza mbona haendi kwingine, anakutazama kama umemtukana. Sifa yake kubwa kwa chakula ilikuwa kusema si kibaya. Siku aliposema si kibaya hata kidogo, Nazario alikuja mbio mpaka nyumbani kwangu kunisimulia.

Sasa nikueleze kosa, maana ni kosa letu sisi tuliokulia Tanzania. Huku mwenyeji hafungui chupa mafichoni. Anaileta imefungwa, anaifungua mbele ya macho yako, na mara nyingi anaonja kwanza yeye mwenyewe, ndipo unywe. Wanachoogopa ni sumu, ingawa neno lenyewe halitamkwi mezani. Mimi niliolewa hapa nikiwa binti, nikalizoea jambo hilo mpaka mkono wangu unalifanya bila mimi kufikiri. Nazario alichelewa kurudi huku tulikozaliwa. Unakumbuka alivyofanya kazi katika baa ya yule mama hapo Kasulu, aliyemfundisha kwamba kumfungulia mtu chupa usoni ni kukosa adabu, povu litamrukia. Akamzoesha kufungua jikoni, kufuta mdomo wa chupa kwa kitambaa safi, na kuileta kwenye sinia, glasi imefunikwa juu yake. Kwake hiyo ndiyo heshima.

Nilimwonya mara nyingi. Wateja nao walimfundisha kwa utani, akajirekebisha. Lakini wateja wakijaa alisahau, na mkono wake ukarudi Kasulu.

Jumapili moja baada ya Pasaka palikuwa na mpira redioni na watu walijaa mpaka uani. Nazario alimletea mzee Venansi chupa iliyokwisha funguliwa. Jirani mmoja alimnong'oneza mzee airudishe. Mzee akasema kwa sauti, "We nawe. Huyu ni mtoto yangu," akainywa yote. Jumatano akafariki.

Lilikuwa ini, dada. Lilikuwa limeharibika miaka mingi, daktari alimwambia, na mkewe Anisia alilieleza hilo makaburini mbele ya watu wote, bila kuombwa na mtu. Watu walimsikiliza kwa adabu. Kisha wakaenda kunywa kwingine.

Hakuna aliyemtukana Nazario. Afadhali wangemtukana, angejibu. Walipita, wakamsalimia, wakauliza hali ya Lucia, wakaendelea na safari. Waliobaki walikuja wanne, watano, nao walitaka afungue mbele yao na kuonja, huku wakimtazama vidole. Akafanya. Kila siku, kila chupa, kwa kila mtu, bila kununa. Husni aliendelea kula nyama yake kama kawaida, na kila alipomaliza alisema kwa sauti ili wapita njia wasikie, "Iko muzuri, Nazario, ongeza." Nadhani Mei yote mdogo wetu aliishi kwa maneno hayo.

Sasa nafika kwangu. Nimeandika sehemu hii mara tatu na kuchana, kwa hiyo ukiona mwandiko mbaya usishangae.

Siku moja mwezi wa Juni, mchana, nilikwenda kumtazama. Husni alikuwa anakula, na wanaume wawili wa mtaani wamekaa upande wa mlangoni. Nazario aliponiona alifurahi, nikamwona anafurahi kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Akaingia jikoni. Akatoka na sinia lake, chupa mbili, moja yake na moja yangu, zote zimefunguliwa na kufutwa mdomo, glasi zimefunikwa juu.

Nikatazama chupa. Kisha mdomo wangu ukasema, "Onja kwanza."

Sikuwaza, dada. Naapa kwa kaburi la mama sikuwaza. Ni maneno niliyoyasema miaka ishirini kwenye kila harusi na kila msiba wa nchi hii, yakatoka kama mtu anavyosema karibu. Lakini pia sitakudanganya. Kabla hayajatoka niliutazama mdomo wa ile chupa, na kitu fulani ndani yangu kilimkumbuka mzee Venansi. Kilikuwa kidogo sana, lakini kilikuwepo, na Nazario alikiona.

Akainua chupa yangu, akamimina kidogo katika glasi yake, akanywa, akaifuta tena ile chupa na kuniwekea mbele. Halafu akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nyama iko tayari. Nikuletee?" Chupa yake aliirudisha jikoni bila kuigusa. Hakuja kukaa nami.

Nimefikiri sana kwa nini siku ile alifungua jikoni, wakati kwa watu wote alikwisha acha. Jibu ni moja tu. Kwa sababu nilikuwa mimi. Mtaa mzima wa Yoba, mimi peke yangu ndiye mtu ambaye Nazario hakuwa na haja ya kumwonyesha mikono yake.

Wale wawili wa mlangoni walikwenda zao. Kufikia kesho yake asubuhi nililisikia sokoni kwa masikio yangu, mama mmoja anamwambia mwenzake huku anachagua nyanya, "Hata dada yake alimuonjesha." Baada ya hapo hakuja mtu. Husni peke yake hawezi kumaliza mbuzi. Mwisho wa mwezi Nazario alifunga kabare, akawagawia majirani mabenchi, akaenda Muyinga kwa wazazi wa Lucia. Aliniaga kwa adabu. Husni alikuja kwangu jioni ile, akasimama tu uani, hakutaka kiti. "Ulimukosea, Imelda," akasema. "Mi nilikuwa pale. Mi niliona uso yake."

Tangu hapo Nazario hapokei simu zangu. Anapokea Lucia, anasema mumewe yuko kazini, na ni mpole, na simlaumu.

Wiki iliyopita nilishindwa kuvumilia. Mafuta ya magari yameadimika, nikasubiri siku mbili, mwishowe nikapata nafasi katika lori la mahindi lililopitia Karuzi. Nilifika Muyinga mchana, nimejaa vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Sikuuliza sana. Nilifuata harufu ya ndizi juu ya mafuta ya mbuzi, nikamkuta nyuma ya soko, katika kabare yake mpya.

Ni mahali padogo kuliko pa hapa Yoba. Kuta nyeupe safari hii, na dirisha amelipaka vizuri bila kugusa vioo. Redio chini. Nilikaa kwenye meza ya akina mama wawili wanaouza maharage, na kwa kuwa walinijua mgeni wakaanza kunisifia bila kuulizwa. Mmoja akasema, "Hapa ni pazuri, mama. Nyama laini, ndizi tamu, na makelele haiko." Mwingine akasema, "Na uyu bwana hana siri. Anafungua mbele yako, anaonja, kizibo anakuwekea mezani ukione. Mi hapa nakunywa bila woga." Yule wa kwanza akacheka, "Sijui nani alimufundisha vile."

Nilitazama mikono yangu. Nilimjua aliyemfundisha.

Kisha akaja. Aliniona, na sikuona kitu kikibadilika usoni mwake. "Karibu, mama," akasema, kama anavyowaita wateja wote wa kike. Miaka yote hiyo nimekuwa Da Imelda. Akaleta chupa imefungwa, akaigeuza ili nione kizibo hakijaguswa, akakifungua mbele yangu, akamimina kidogo katika glasi ndogo, akanywa, akasubiri kidogo. Akakiweka kizibo karibu na mkono wangu.

Unakumbuka kule kwenye kambi ya wakimbizi mama alipofariki? Wewe ulikuwa ukienda kupanga foleni ya mgao, nami nikibaki na Nazario. Kila kijiko cha uji nilikionja kwanza nisimuunguze. Hakuwahi kunitazama kijiko. Alifungua mdomo tu.

Nikamwambia, "Nazario, kaa." Akanijibu, "Kuna wateja, mama. Nyama unaipenda kavu au laini?" Nikasema laini. Ilikuwa nzuri, dada, nisiseme uongo, na pilipili ya Lucia ni ileile. Nililia pale mezani, na wale akina mama wakanisogezea maji wakidhani ni pilipili.

Nilirudi Gitega kwa lori lilelile. Moyo wangu umevunjika, na aliyeuvunja ni mimi mwenyewe, kwa hiyo sina pa kupeleka mashitaka. Kizibo ninacho, nimekifunga kwenye pindo la kitenge.

Ninakuomba jambo moja. Wewe ndiye mkubwa wetu, na simu yako hawezi kuacha kuipokea. Usimwombe anisamehe, atasema amekwisha samehe, na ataendelea kuniita mama. Mwambie hivi tu: nitakwenda tena Muyinga kabla mvua hazijaanza. Nitakaa meza ya katikati, wateja wake wote wakiwepo. Afungue chupa yangu hukohuko jikoni, mlango ukiwa umefungwa, na aniletee kwenye sinia lake. Nitainywa yote mbele yao, na macho yangu yatakuwa kwake, si kwenye chupa.

Nisalimie Shemeji Nikodemu na watoto wote, na wazee wa jumuiya wanaoniulizia. Bonifasi anakusalimu. Husni naye amesema nisisahau kumtaja, ingawa hamjaonana. Mungu aliyetuvusha mto Malagarasi wote watatu tukiwa tumeshikana mikono akulinde, na atukutanishe tena hivyohivyo.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye daima,

Imelda