Makina Siiuzi, Baba Zuhura

Mpendwa Baba Zuhura,

Mjomba wako amefika kutoka Mucojo. Anasema uko tayari kunirejea, mradi niiuze makina ya jikoni, ile mashine yangu ya umeme ya kusagia. Nimempakulia, amekula, ameshiba. Jibu nakuandikia mwenyewe.

Unakumbuka mimba ya Zuhura? Harufu ya nazi ilikuwa ikinitapisha, basi ukafunga mlango, ukakalia mbuzi, ukakuna wewe. "Usicheke," ukanambia, "watu wakisikia nimekwisha." Nilicheka hadi machozi. Siku ile nilikupenda kuliko siku ya harusi.

Kisha ikaja kampuni ya gesi, Afungi ikazungushiwa uzio, nami nikapata kazi ya jikoni kwenye kambi yao. Huko ndiko nilikoteleza nikavunjika kifundo cha mkono. Mfupa uliunga, lakini mchi sikuweza kuuinua tena. Nilipoleta makina nyumbani hukunipa hata pole. "Chakula cha umeme mimi sili."

Nilikuonyesha kwa upole. Majani ya muhogo huyajazi kwenye bakuli yote kwa mara moja; unatia kidogo kidogo, la sivyo ya chini yanakuwa uji na ya juu hayajaguswa. Nazi unaikata vipande vidogo, unaongeza maji ya uvuguvugu, tui linatoka zito. Kitunguu unabonyeza na kuachia, unabonyeza na kuachia. Ukishikilia, kinageuka maji. Wewe ulitazama ukutani.

Halafu siku ile ya ndugu zako barazani. Mmoja akasema, "Kumbe mkeo siku hizi fundi umeme," wakacheka. Ukaingia jikoni umefura, ukasema kwa sauti ili wasikie, "Ukiiwasha hiyo, nimekuacha!"

Vitunguu vilikuwa vimeshaingia. Nilikutazama, nikangoja uongeze neno, hata jina langu tu. Ukageuka kutazama barazani.

Nikabonyeza.

Ndugu zako walikula wali wangu, wewe ukafunga mzigo. Nililia, usidhani sikulia. Kujuta ndiko sikujuta.

Sasa napikia vibarua wanaopita kwenda kambini. Zuhura ananisaidia kuosha. Nimemfunza kisu cha makina hakitumbukizwi kwenye povu, kitamkata asikione. Wale majirani walionisengenya wanakuja na majani yao niwasagie. Umeme ukikatika wanashika mchi wao, mimi nakoroga chungu, na kazi inaisha.

Kwa hiyo sikiliza. Makina siiuzi. Hata mkono huu ungepona leo, nisingeiuza. Uliniacha ili watu wa barazani wakuone mwanaume. Mimi sirudi kwa mume anayewauliza wao kwanza.

Mwanao anakuulizia. Njoo umwone siku yoyote, sitakuzuia. Ukifika na njaa, nitakupakulia kama ninavyompakulia kila mpita njia, nawe utakula kilichopikwa, jinsi kilivyopikwa. Ila mke, Baba Zuhura, hutamkuta.

Ukae salama huko uliko.

Mimi, mama wa mwanao