Kiazi Kinatuzidi Mbili

Mabweni ya Vibarua,
Chumba Na. 6, nyuma ya ghala la mbolea.
Jumapili, 12 Oktoba.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Hawajambo wote hapo nyumbani? Magoti ya mama yamepunguza kuuma? Na mtoto je, analala vizuri? Mimi mzima, ila mgongo. Udongo ukilowa, mfuko mmoja unakuwa na uzito wa mtu mzima, na mbebaji ni mimi. Lakini nakula, nalala, namshukuru Mungu.

Barua yako imenifikia Ijumaa. Niliisoma nimesimama mlangoni, viatu vya matope bado miguuni, kisha nikakaa kitandani nikairudia. Kabla sijakujibu uliloniomba, acha nikwambie lililonipata, maana hapa sina mwingine wa kumwambia.

Mumeo alinitumia ujumbe wa simu wa maneno mawili: mtoto amezidiwa. Basi, hakuongeza neno. Nikapiga, hapatikani. Sasa mtu akishaambiwa mgonjwa amezidiwa, unajua mwenyewe anavyofikiria. Nilikwenda kazini nikabeba udongo, nikarudi. Nilimlilia mtoto ambaye hata sura yake sijaiona, nimegeukia ukuta ili mwenzangu wa chumbani asisikie. Asubuhi hakuna aliyeniuliza kwa nini macho yamevimba. Kumbe daktari alisema mtoto amezidi kromosomu moja, na shemeji yangu, Mungu amsamehe, akaondoka na "amezidiwa". Barua yako ndiyo iliyomfufua mwanao kwangu. Nilicheka peke yangu, na kucheka peke yako nako si raha.

Umeniomba nikutafutie dawa ya kuipunguza hiyo moja iliyozidi, kwa kuwa nafanya kazi kwa wataalamu. Mdogo wangu, mimi kwa wataalamu naosha vyungu. Wao wanachunguza mimea ndani ya nyumba ya vioo, mimi naingiza udongo na kutoa uchafu. Lakini ulivyoandika sikuweza kunyamaza, nikaenda kumuuliza Mama Mimea. Ndivyo tunavyomwita mkuu wa pale, kwa sababu anasalimia majani kabla ya watu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akavua glavu, akapindua ndoo akaikalia, akanisogezea nyingine nami nikae. Tangu nije huku, ni mara ya kwanza mtu wa ofisini kuniambia nikae.

Alinieleza kwamba ndani ya miili yetu, katika kila chembe ndogo isiyoonekana, kuna vifurushi vya maagizo ya kumjenga kiumbe. Hivyo ndivyo kromosomu. Binadamu anavyo arobaini na sita, mtoto wako arobaini na saba. Nikamwambia basi mwenye vingi si ndiye mkubwa, huenda mpwa wangu akawa profesa? Akanyoosha kidole kwenye kangaga kadogo, mmea usiotoa maua, kajani kamoja tu kamesimama kwenye chungu nilichokiosha mimi.

"Haka kana zaidi ya elfu moja," akasema. "Na kazi yake ni kukaa hapo."

Akaendelea. Mbwa anavyo sabini na nane, na kuku vilevile. Kuna aina ya sisimizi ambaye jike lake lina viwili tu, na anajenga, anapigana, analea. Kiazi cha kawaida kinavyo arobaini na nane. Yaani kiazi kinatuzidi mbili.

Jioni nilimsimulia mwenzangu wa chumbani, tunamwita Msumari kwa wembamba wake, alikuwa anamenya viazi. Akakiinua kimoja akakitazama sana. "Shikamoo mzee," akakiambia, "utaniwia radhi, nina njaa." Akakimenya. Ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo, maana siku nyingi nikirudi yeye keshalala.

Mimi nimelielewa jambo hili kibebaji. Mtu anaweza kuhama na sanduku moja kubwa, mwingine akahama na vifuko thelathini, na nguo zikawa zilezile. Mwingine kafungasha mashati kumi ya namna moja, ndiye huyo kangaga. Ukihesabu mizigo mlangoni hujajua aliyehamia ni nani. Kwa hiyo ile arobaini na saba haimtoi mwanao kwenye utu wala haimpandishi cheo.

Lakini sitakudanganya, na Mama Mimea hakunidanganya. Kila kiumbe kimezoea hesabu yake. Kwa binadamu kifurushi kimoja kikizidi, ujenzi unabadilika. Atachelewa kukaa, atachelewa kutembea na kusema, na kujifunza kutamchukua muda zaidi. Dawa ya kukiondoa hakuna, si hapa, si popote. Kimo katika mwili mzima, huwezi kukichomoa kama mwiba. Mtu akija kukuuzia dawa hiyo, mfunge mlango.

Wala msitafute nani kamharibu mtoto. Wakati mbegu za uzazi zinagawana vifurushi, viwili viling'ang'aniana vikapita pamoja. Si chakula ulichokula, si ukoo wetu, si ukoo wa mumeo. Msomee mama mkwe wako mstari huu, taratibu.

Na wifi yako anayemwita mtoto Nyongeza, mwache. Mimi naomba nyongeza kazini kila mwaka sijaiona, nyie mmepewa bila kuomba.

Sasa jambo lililonifanya niandike leo badala ya kulala, maana simu ya mumeo bado haipatikani. Umesema siku ya kupima moyo wa mtoto imepita hukwenda, kwa sababu unasubiri dawa yangu kwanza. Niliposema hivyo kwa Mama Mimea aliinuka kutoka kwenye ndoo. Watoto wa namna hii wengi huzaliwa na tatizo la moyo, na likionwa mapema hutibika. "Mwambie asisubiri chochote kutoka kwako," akasema. Iliniuma, mdogo wangu, kwa sababu kungoja kitu kutoka kwangu ndiko kulikobaki kunikumbusha kuwa nina watu. Hata hivyo nakwambia usisubiri. Ukishaisoma hii, mfunge mgongoni uende. Muuguzi akikugombeza kwa kuchelewa, inama, mwache amalize, kisha mpe mtoto.

Nilitaka nije. Msimamizi amesema hakuna likizo mpaka mavuno ya mbegu yaishe.

Nisalimie mama, mwambie lile blanketi bado nalitumia. Msalimie shemeji, na mama mdogo wa kule juu, na watoto wa jirani. Mungu awafunike nyote, na mkono wake uutangulie wa daktari.

Daktari akikiweka kile chombo kifuani kwa mtoto, mwombe akuachie nawe usikilize kidogo. Halafu uniandikie moyo wake unavyodunda, kwa haraka au polepole, kwa nguvu au kidogo, usiache kitu. Huku jioni pako kimya mno.

Ni mimi nikupendaye, popote nilipo,
Kaka yako,
mjomba wa huyo mtoto.