Aliyezikwa kwa Namba

Busia, 9 Machi 2024

Mama mpendwa,

Mulembe. Mgongo umetulia? Mimi mzima, ila kikohozi cha vumbi la malori hakijanitoka. Barua hii nampa Matayo wa vitunguu kwa sababu kwenye simu unasikia nusu, na hili nataka ulipate lote.

Kampuni yetu ya kupitisha mizigo imeanza mpango. Kila mfanyakazi anapewa siku mbili kwa mwaka, mshahara ukiendelea, akajitolee kusaidia jamii. Orodha ilibandikwa mlangoni: kupanda miti, kupaka rangi shule, kusafisha soko. Mstari wa mwisho ulisema: kuzika miili isiyo na wenyewe. Unaujua mpaka huu. Watu wanafia kwenye maegesho ya malori na hakuna anayejua kwao ni wapi. Hospitali inawaweka, inatangaza, inangoja, halafu inaomba msaada wa kuwazika.

Kwenye miti walijiandikisha watu arobaini. Kwenye mstari wa mwisho tuko watatu: Phanuel anayeshughulikia makaratasi ya forodha, Nanjala wa mapokezi, na mimi. Usiniulize kwa nini. Nilishika kalamu nikaandika jina.

Tutazika tarehe ishirini na tatu. Mama, nikuulize jambo, usikasirike. Kile kidole kaka Ochwo alichojikata akimenya muwa, kilikuwa cha mkono gani?

Binti yako,
Tracy


Petta, 16 Machi 2024

Tracy mwanangu,

Mulembe nawe. Mgongo uko vile vile. Mvua imeanza na karanga nimezipanda peke yangu. Hicho kikohozi chemshia majani ya mkaratusi, ujifukize.

Mimi nimekuzaa, najua unavyouliza. Ukiuliza kidole unauliza kitu kingine. Kaka yako yuko hai. Utingo wa malori anaweza kwenda Juba, akaenda Kigali, akakaa huko miaka tisa bila kukumbuka nyumbani. Angekufa ningejua.

Maneno niliyomwambia uliyasikia, na kijiji chote kiliyasikia. Alifika siku ya tatu baada ya baba yenu kuzikwa, amelewa. Nikasimama mlangoni nikamwambia asikanyage tena boma hili. Alivua kofia, akageuka akaenda. Siku hizi kofia ile naikumbuka kuliko uso wake.

Ni mkono wa kushoto, kidole cha mwisho. Usiniandikie tena habari hiyo.

Mama yako,
Maximilla


Busia, 28 Aprili 2024

Mama,

Natumaini hujambo, na karanga zimeota vizuri. Nimekaa wiki tano na barua hii mkononi. Nimeichana mara mbili.

Umenikataza, lakini siwezi kunyamaza. Orodha ya miili niliiona kabla ya kukuandikia ile barua ya kwanza. Mmoja aliandikwa hivi: mwanamume, miaka kama thelathini, alipatikana maegesho ya malori, kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kimekatika. Jibu lako lilipofika nikaenda hospitali. Mhudumu wa mochari, anaitwa Odwori, alinizuia mlangoni. "Dada, usimtazame. Amekaa hapa muda mrefu. Uso hautakusaidia." Nikarudi.

Ningeweza kusema. Ningewaambia, ngojeni, huenda ni wa kwetu. Lakini niliogopa. Wakinisikia watakuita, na ukiitwa nitakuwa nimemuua mimi. Basi nikanyamaza. Tulizika sita siku hiyo, kwenye makaburi ya mji. Tulivaa fulana za njano zenye jina la kampuni. Mpiga picha wa kampuni, kwa mazoea tu, akasema, "Tabasamu kidogo." Phanuel akaziba kamera kwa kiganja. Nanjala aliimba, sisi wawili tukaitikia. Msalaba wa yule wa kidole niliupigilia mimi mwenyewe. Hauna jina. Una namba, kumi na saba.

Tangu hapo dereva akinipa makaratasi dirishani natazama kwanza vidole vyake. Nikipiga muhuri nasikia ile nyundo. Juzi Phanuel aliniuliza, "Tracy, kwa nini unapiga muhuri taratibu hivyo?"

Nisamehe.

Binti yako,
Tracy


Petta, 3 Mei 2024

Tracy,

Barua nimeipata. Mwili wangu ni mzima.

Tangu mwezi wa tatu, jua likianza kushuka, mbwa anasimama, anakwenda mpaka njiani, anatikisa mkia. Hakuna mtu. Anarudi polepole kama anayemsindikiza mgeni, halafu anasimama pale pale mlangoni na kutazama juu, kimo cha uso wa mtu. Huyu mbwa amezaliwa juzi. Ochwo hamjui.

Nilikuwa namfukuza kwa fagio. Sasa nimeelewa.

Usimwombe mtu yeyote amfukue. Mimi ndiye niliyesema asikanyage hapa, siwezi kumleta kwa nguvu kabla hajanisamehe. Nitakuja Ijumaa. Nionyeshe mahali, halafu urudi kazini kwako, uniache naye.

Mama yako


Busia, 7 Julai 2024

Mama mpendwa,

Mulembe. Ijumaa ulipopita ofisini Nanjala alisema unatembea umejishika kiuno. Nimempa Matayo dawa ya kuchua.

Mama, keti kwanza.

Umekuja Ijumaa tisa sasa. Nimeona ulivyong'oa majani, ulivyozungusha mawe. Mlinzi wa makaburi aliniambia unaongea naye kama mtu aliyekaa kwenye kiti mbele yako.

Jumanne walikuja watu kutoka Malaba, upande wa Uganda. Mama mmoja, Akiteng, na shemeji yake. Wanamtafuta mtoto wao, Ojulong, utingo. Dereva wake alirudi kutoka Juba akasema alimwacha mgonjwa hapa Busia mwezi wa kwanza. Naye alikatika kidole, kile kile, mlango wa lori ulimbana. Lakini walikuja na karatasi za hospitali. Aliwahi kuvunjika mguu, akawekwa chuma ndani. Odwori alifungua daftari lake. Namba kumi na saba ana chuma mguuni, imeandikwa.

Nilijidanganya siku mbili kwamba hata Ochwo angeweza kuwa na chuma ambacho sisi hatukijui. Kwa miaka tisa tungejuaje? Lakini chuma kina alama, na polisi wanasema wataisoma na kuilinganisha na karatasi. Watamfukua Ijumaa hii, mbele ya daktari. Siku yangu ya pili ya kujitolea nimeomba iwe hiyo. Niliyempigilia msalaba nitamng'olea.

Tafadhali usije.

Binti yako,
Tracy


Petta, 20 Julai 2024

Tracy mwanangu,

Asante kwa dawa. Inachoma lakini usiku nalala. Wewe uko salama? Siku ile uliondoka makaburini umeinamisha kichwa, nikashindwa kukuita mbele za watu.

Ulinikataza kuja, nikaja. Nilitaka kusikia alama ikisomwa. Daktari alisoma pole pole, yule shemeji akafuata kwa kidole kwenye karatasi, na mpaka mwisho kila herufi ililingana. Hapo nikajua kwamba wiki zote zile nilikuwa nikimlilia mtoto wa mtu.

Hapa majirani wananipongeza. Loy ameniletea kuku. "Mungu mkubwa, Ochwo hajafa!" Nikampokea kuku. Ochwo nilikuwa nimeshamzika, Tracy. Nilikuwa nimelia mpaka moyo ukatulia, na sasa nimerudishwa mlangoni, nimesimama, naye anavua kofia. Na mbwa ameacha kwenda njiani. Jua likishuka analala tu. Hilo ndilo linalonitisha, maana sijui aliyekuwa akija alikuwa nani.

Nikwambie ambalo hukuliona. Mlipokuwa mnapakia jeneza, Akiteng alinifuata penye ua. Nilidhani amekuja kunitukana.

"Ni wewe uliyekuwa unakuja Ijumaa?"

"Ni mimi."

"Ulikuwa unamwambia nini?"

Sikumficha. Nikamwambia nilikuwa naomba msamaha, kwa maneno niliyomfukuza nayo mwanangu.

Akakaa chini, pale pale kwenye udongo. Akasema, "Mara ya mwisho Ojulong alinipigia simu, sikuipokea. Tulikuwa tumegombana. Niliitazama ikilia mpaka ikanyamaza." Kisha akanishika mkono. "Basi aliombwa msamaha. Sikumwomba mimi, lakini aliombwa."

Tukakaa hivyo mpaka walipomwita gari linaondoka.

Kwa hiyo usijilaumu tena. Na usiende kupanda miti. Mwakani andika jina lako pale pale, uwaulize kama wanakubali na mtu asiye mfanyakazi, nije niimbe na Nanjala.

Ochwo sijui yuko wapi. Kama anatembea, atembee salama. Na kama amelala mahali, amezikwa na watu wasiomjua, naomba huko awepo mama aliyekosea kaburi.

Mama yako,
Maximilla