Viroba vya Kijitoni

Songea,
11 Machi 2024

Baba mdogo Rupert,

Shikamoo. Huku sisi wazima, ila mafua ya mvua hizi. Mama mdogo je, tumbo limetulia? Aliponipigia juzi kutoka sokoni, sauti ilimtoka kwa shida.

Jumamosi tulikuwa upande wenu huko, msituni, mimi na wenzangu wawili wa kazini, Remmy na Asma, pamoja na mbwa wawili wa Remmy. Usicheke. Kuna mchezo siku hizi: mtu anaficha kikopo porini na kuonyesha kwenye simu mahali kilipo, wengine wanakwenda kukitafuta, wanaandika majina kwenye kijidaftari kilichomo, kisha wanakirudisha. Mimi nilifuata hewa safi. Hewa safi! Tope lilitufika magotini, likanivua kiatu cha kushoto na kukimeza kabisa. Mbwa wakawa wanajikung'uta maji machafu juu yetu, Asma anapiga kelele, "Remmy, shika mbwa wako! Wiki ijayo naanza kufunga, unanitia najisi!"

Mara mbwa wakateremkia kijitoni. Mmoja akarudi na kitu mdomoni. Nilidhani tambara. Ulikuwa mzoga wa kuku, baba mdogo, tumbo limepasuka, manyoya yanang'oka yenyewe, funza wanachemka kama uji. Tulipomfuata wa pili tukamkuta anagaagaa juu ya viroba. Viroba kumi na kimoja, vimetupwa katikati ya maji, na maji yanatoka upande wa pili yana utando wa mafuta. Nilitapika hapohapo. Asma akatapika kwa kuniona mimi. Kikopo hatukukitafuta tena.

Hatua mia mbili chini yake ndipo kilipo chanzo cha bomba la kijiji. Wewe ndiye mwenyekiti wa kamati ya maji. Nenda kaangalie, kisha uniandikie ni nani. Kwako mtandao haushiki, ndiyo maana nampa kondakta barua hii.

Mwanao,
Hilda


Madaba,
22 Machi 2024

Mwanangu Hilda,

Marahaba. Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mama yako mdogo bado anaendesha, lakini amepewa dawa. Watoto wa jirani nao vilevile. Ni majira tu.

Barua yako niliipata, na kamati ilikaa. Mhusika amejulikana. Ni yule Daimu, mgeni kutoka Tunduru, aliyepanga karibu na kinu. Hapa kijijini wafuga kuku wa kisasa ni mimi na yeye, basi huhitaji kuuliza sana. Alikana, akaapa kwa swaumu yake mbele ya watu wote. Mtu akishabanwa huapa kwa chochote. Mkutano umeamua afunge banda na ahame kabla ya mwezi kuisha.

Umefanya vizuri kuniambia mimi kwanza. Sasa yaishe. Waambie na wenzako wasizisambaze hizo picha, kijiji kisichafuke jina.

Mimi baba yako mdogo,
Rupert


Songea,
26 Machi 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Naandika nikiwa mzima wa mwili.

Sijakutajia picha popote. Umejuaje kwamba tulipiga?

Barua ya kwanza sikukuandikia yote. Viroba vile vina herufi mbili za rangi nyekundu, R.K. Ni mimi niliyeziandika, likizo ya Desemba, nimekaa kwenye ngazi ya nyumba yako, na wewe ukisema mwandiko wangu ni wa kisomi. Asma aliniuliza mbona nimegeuza uso ghafla. Nilimwambia ni harufu.

Nilikuandikia ili uniambie mwenyewe. Nilifikiri utasema, "Hilda, ni mimi, nimekosa." Badala yake umemtafuta mtu asiye na ndugu hapo, ukamsimamisha na funga yake kinywani, watu wakamzomea, nawe umekaa kiti cha mbele. Harufu ya kijitoni niliioga mara tatu ikatoka. Barua yako nimeisoma mara moja tu, na yenyewe haiogeki.

Na mama mdogo anakunywa nini, baba mdogo? Unamtekea wewe, au anateka mwenyewe?

Hilda


Madaba,
14 Aprili 2024

Mwanangu Hilda,

Sikulaumu kwa kuacha kuandika “Mwanao”. Mama yako mdogo ameanza kula. Namchemshia maji mimi.

Kuku mia tatu walikufa kwa kideri siku nne. Mimi ndiye niliyekuwa nafundisha watu chanjo, na wangu sikuwachanja. Niliona aibu kuchimba shimo watu wakihesabu mizoga, nikaenda kuitupa mvua inanyesha. Nilijiambia maji yataibeba. Jumamosi ile nilikuwa ng'ambo ya kijito, nikawaona mkipiga picha, nikajificha.

Pasaka sikupokea komunyo. Jumamosi iliyofuata nikaitisha mkutano, nikasema. Hakuna aliyezomea. Mzee Kajetani akainuka akatema mate, wengine wakaondoka mmojammoja. Uenyekiti nimeuacha. Mama yako mdogo alikuwa amekaa nyuma. Siku ya nne aliniambia, "Nenda ukavitoe viroba vyako."

Nimevitoa kwa mikono. Kiroba kikipasuka naokota mzoga mmoja mmoja, mingine inaponyoka kama makamasi. Nilitapika mpaka nikakosa cha kutapika. Nimechimba shimo mlimani, mbali na maji, nimefukia na kumwaga chokaa. Siku mbili, na hakuna aliyekuja kunisaidia, wala sikutaka.

Lakini Daimu alikuwa ameshaondoka. Niliposema ukweli chumba chake kilikuwa kitupu wiki nzima. Mkewe alibeba mtoto mgongoni, yeye akabeba matenga ya kuku, wakasubiri basi barabarani kwenye mvua na hakuna aliyewakaribisha barazani. Idi imewakuta huko walikokwenda. Kuku wake, mwenye nyumba ananiambia, hakufa hata mmoja.

Kesho napanda basi la Tunduru. Nitapita hapo Songea, lakini sitashuka kwako. Kijiji chake nakijua kwa jina tu, nitauliza. Sijui nitamwambia nini. Usiniombee maneno mazuri, mwanangu. Niombee nimkute.

Baba yako mdogo,
Rupert