Sinia Lilirudi Jikoni Limejaa

Jumapili

Na mimi nilidhani shida ya kula na wageni imeisha. Tangu operesheni ya tumbo sili wali, kwa hivyo nilikwaruza koliflawa mpaka ikafanana na mchele, nikaitia pilau masala na supu ya mbuzi. Nikaiweka upande wangu wa sinia. Kwingine kote pilau yenyewe.

Shangazi na binti zake wawili walitoka Garbatulla alfajiri, na njaa yao. Tonge la nne tu, tumbo langu, dogo tangu operesheni, likagoma. Nikatoa mkono kwenye sinia.

Nilisahau. Kwetu mwenyeji akitoa mkono, mgeni naye anatoa.

Shangazi akasema, "Alhamdulillahi, tumeshiba," akaomba maji ya kunawa. Binti zake wakamfuata, macho yamebaki kwenye nyama.

"Kuleni, Shangazi. Ni mimi tu daktari amenikataza."

"Tumeshiba, mwanangu."

Ningeendelea kula, ningetapika mbele yao.

Sasa wamelala chumba cha pili, na pilau iko jikoni imefunikwa. Kesho nitaipasha moto. Lakini itabidi nikae nao tena, mkono wangu ndani ya sinia mpaka washibe, na sijui nitaweza vipi.